Kifuu cha Pembeni

Ukuta ulianza kutoboka upande wa jikoni.
Nikadhani ni chumvi ya hewa, nikadhani ni panya,
nikamlaumu fundi Chivatsi na lipu yake.
Kumbe ni koo mweusi, yule wa kidari kipana:
alfajiri, mahamri yangu hayajaumuka,
yuko pale anadonoa chokaa ya marehemu baba,
punje baada ya punje, bila haraka,
kama mtu anayekusanya deni lake.

Mayai yake siku mbili yalikuja bila ganda,
utando mtupu, yakibonyea kiganjani
kama shavu la kizee.

Kosa langu nalisema mwenyewe.
Ua mmoja hapa Mtongwe: koo wanne watagao,
tembe watatu wasiojua bado yai ni nini,
mapora mawili, jimbi na kiburi chake cha bure,
na faranga saba wa mtetea shingo-wazi.
Kwa wote hao, gunia moja.
Gunia la watagao, kilo hamsini,
lililovuka feri juu ya mkokoteni wa Nyamawi.
Nikasema, ua mmoja, chakula kimoja.
Nikauita usawa.

Pora jekundu likaanza kukaa.
Halilali, halitembei; linakaa
kama mtu aliyeambiwa ofisini asubiri.
Siku ya nne halikuinuka.
Nyamawi, aliyewahi kufanya kazi ya mifugo,
alilipasua juu ya ubao wangu wa vitunguu
akanionyesha figo: zimevimba, zina unga mweupe,
nyumba iliyopakwa chokaa kwa ndani.
"Huyu hatagi," akasema.
"Mawe yote haya ulitaka ayaweke wapi?"

Jibu ninalo sasa. Pora halipo.

Gunia siku hizi ni la wakuzi, wanakula wote.
Na pembeni, kwenye msumari, usawa wa kidari cha koo,
nimetundika kifuu:
makombe ya chaza niokotayo maji yakipwa,
nikayaosha, nikayaanika, nikayatwanga kwa kinu kibovu,
na maganda ya mayai yaliyokaushwa kikaangoni,
yakasagwa mpaka yakasahau kuwa yalikuwa mayai,
kuku asije akajifunza kujila.
Simlazimishi mtu.
Koo mweusi huja jua likishuka,
huchukua zake saba, nane, akafuta mdomo mchangani.
Tembe huchungulia, wakaenda zao.
Jimbi alionja mara moja, akatema,
akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.
Faranga hawafikii.

Juzi nilimkuta Raya, mimba ya miezi saba,
ameegemea ukuta uleule.
Ulimi una weupe.
Hatukusemezana.
Mfukoni mwake hamkosi udongo wa Kongowea;
usiku namsikia akiutafuna gizani,
nyayo za mtu juu ya kokoto.
Mama naye, vidonge vyake vya mifupa
anavificha chini ya mto:
ni vikubwa, asema, mpeni ng'ombe.
Na mimi katikati, hamsini na moja,
damu imenikimbia tangu Rajabu,
sijui nihesabiwe na koo ama na jimbi.

Sinia letu ni moja.
Nimeanza kuweka kibakuli cha dagaa wakavu ubavuni mwake,
wazima, na vichwa vyao, na miiba yao.
Sisemi ni cha nani.
Raya huanza na vichwa.
Mama huzungumzia bei ya mkaa,
na mkono wake, huku anazungumza,
unakwenda na kurudi.

Leo Chivatsi amekuja na mwiko kuziba ukuta.
Nikamwambia aache tundu moja, chini pale,
upana wa mdomo.
Akauliza, la nini?
Nikamwambia, piga lipu, baba.
Chai inapoa.